Chungu cha Fa

Juzi nilimkaripia mjukuu wangu bila kosa. Alikuwa amekaa mlangoni pa jiko akimenya ndizi, na kwa kuwa shuleni wameanza kufundishwa kuimba, alikuwa akipanda na kushuka zile sauti, do, re, mi, fa, so, kisu kikienda sawa na mdomo. Alipoifikia ile ya nne kwa mara ya tatu nikampigia kelele anyamaze. Kisu kilimponyoka. Mama yake alichungulia kutoka ndani, akidhani nimeona nyoka. Nikasingizia kichwa kinaniuma, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba na aibu yangu. Mimi mwenyewe nimefundisha watoto wadogo kuimba kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na wote waliopita mikononi mwangu niliwafundisha kwa namba: moja, mbili, tatu, nne. Walimu wenzangu waliponiuliza kwa nini situmii majina ya sauti, nilijibu kwamba namba ni rahisi kwa mtoto. Walinisifu kwa hilo, nami nikaipokea sifa.

Leo nataka kueleza sababu yenyewe, kabla sijaenda nayo kaburini.

Wenzangu mliozaliwa wakati wa Mdachi mtakumbuka Mwaya, pale ziwani, ilivyokuwa. Kwetu sisi watoto ule ndio ulikuwa mji. Kulikuwa na forodha, bohari la bati, nyumba za askari zilizopangwa mstari, maduka ya nguo, na siku meli ilipotia nanga watu walitoka hadi mashambani kuja kuitazama tu. Harufu yake sijaikuta tena mahali pengine: usipa, dagaa wa ziwa letu, waliokaushwa juani, mpunga mpya, tope la ziwa na moshi wa kuni mbichi. Baba alikuwa ametuhamisha kutoka Bujonde ili apakue mizigo forodhani. Mimi nikaokota Kiswahili kwa mke wa askari aliyekuwa jirani yetu, mama mmoja mnene aliyezungumza na kila mtu kama anagombana naye, na kabla sijamaliza kung'oka meno ya mbele nilikuwa nakisema vizuri kuliko baba. Jambo hilo lilinivimbisha kichwa. Darasani nikawa mkalimani wa wenzangu, na mtoto mkalimani ni mtu wa kuogopwa, kwa sababu anaweza kusema lolote na watu wakamwamini.

Shule yetu ilikuwa banda la nyasi lisilo na ukuta upande wa ziwa. Tulikaa juu ya magogo manane, sisi Wanyakyusa, Wakisi wa ng'ambo ya pili ya ghuba, watoto wa askari ambao baba zao walitoka sijui wapi, na watoto wawili watatu wa wafanyabiashara wa pwani waliotudharau wote. Hapakuwa na lugha moja tuliyoijua sote. Mwalimu wetu, Mwalimu Asegelile, alikuwa kijana wa Ngana aliyevuka mto Songwe kwenda kusoma kwa wamisheni Waskochi, akarudi na suruali moja, kitabu kimoja cha nyimbo na zile sauti nane kichwani. Kinanda hakuwa nacho. Siku za mwanzo alijaribu kutuimbisha kwa kufuata sauti yake, na ilikuwa vurugu tupu. Kila gogo liliimba lake, wale wa askari wakipiga kelele za gwaride, na sisi tusioweza kutamka "re" tukisema "le". Mwalimu mwenyewe alisema "le".

Ndipo akaenda pwani ya ziwa siku mitumbwi ya Wakisi ilipoleta vyungu. Ninyi mnajua mnunuzi wa chungu anavyofanya: anakigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, akisikia kinakoroma anajua kina ufa, anakiweka chini. Mwalimu alivigonga vyote. Alivigonga asubuhi nzima, akaviacha vizima, akarudia, akanung'unika, hadi wauzaji wakaanza kukereka.

"Mwalimu, hivi vyote havina ufa," mwanamume mmoja alimwambia. "Unatafuta nini?"

"Natafuta ndugu wanane," Mwalimu akajibu.

Mwanamume yule alicheka sana. Alikuwa baba yake Tusekile, binti wa gogo la tatu, aliyekuwa akikaa hapo Mwaya kwa shangazi yake ili asome. Mkewe ndiye aliyefinyanga vile vyungu kule Ikombe, ng'ambo ya ghuba, naye mume aliviuza kila palipo na watu wa kupika. Alivua shati, akaketi mchangani, akawa anamsaidia Mwalimu kugonga. Walivipata vinane.

Sijawahi kuona mtu akifundisha kuimba kama Mwalimu Asegelile, na nimewaona wengi, wenye vinanda na wenye fimbo. Alivipanga vile vyungu mbele yetu juu ya kata za majani makavu ya migomba ili viweze kulia, akavijaza maji kidogo kidogo, maana maji yakiongezeka sauti inashuka, na kila asubuhi tulivijaza upya hadi alama ya mkaa kwa sababu udongo hunywa. Kila gogo lilipewa chungu chake na sauti yake. Kiongozi wa gogo alikigonga kwa kijiti kilichofungwa kitambaa, na gogo zima likanyamaza kwanza, likasikiliza hadi mlio umekwisha, ndipo likaimba. "Sikio kwanza," alisema, "mdomo utafuata wenyewe." Wale ambao hawakuweza kuishika sauti hakuwachapa. Aliwaita wakaweka shavu kwenye chungu, akakigonga, wakacheka kwa kuwa iliwatekenya, na baada ya siku kadhaa walikuwa wanaimba. Hapakuwa na haja ya lugha. Mtoto wa askari na mtoto wa mvuvi waligongewa chungu kimoja, wakatoa sauti moja, wakatazamana kwa mshangao.

Mimi nilikuwa kiongozi wa gogo la nne. Chungu changu kiliitwa fa.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo ujinga wangu ulipoanza, na sikuwa mjinga katika mambo mengine. Wenzangu Wanyakyusa na Wakisi hawakujua Kiswahili, kwa hiyo kwao do re mi zilikuwa kelele tu za Kizungu. Mimi nilikijua. Niliposikia "mi" nilijua ni mimi. Niliposikia "fa" nilijua pia, maana jirani yetu kila alipowaombea wanawe alisema Mungu, mtoto wangu asife, na kwetu Kinyakyusa neno lenyewe halipishani sana. Chungu kikipata ufa wafinyanzi husema kimekufa. Kila kitu kilipatana. Mi, fa: mimi nife. Niliamini kwamba Waskochi walikuwa wamemfundisha Mwalimu maneno ya nguvu bila kumwambia maana yake, na kwamba yeye maskini alikuwa akitufundisha sisi kwa moyo mweupe.

Na ushahidi niliupata. Siku ya kwanza tulipoiimba fa, ng'ombe wa jirani alianguka zizini. Wiki iliyofuata tukaiimba tena, akafa mzee mmoja aliyekuwa akilinda bohari. Leo nafahamu kwamba ng'ombe walikuwa wakifa nchi nzima na mzee yule alikohoa mwaka mzima. Wakati ule nilihesabu tu nani anafuata, na nyumbani mama alikuwa na mimba. Alishazika watoto wawili kabla hawajaota jino. Nilimwona akishika kiuno akiinuka, nikajiona mimi mwenyewe nimesimama nimeshika kijiti.

Nilimwomba Mwalimu anibadilishie chungu. Akaniuliza sababu, nikarudi kwenye gogo langu. Basi nikamwendea Tusekile.

Tusekile alikuwa mwembamba, mpole, mwenye Kiswahili cha kuomba maji tu, na sauti ambayo sijui niielezeje. Alipoimba, Mwalimu aliacha kila kitu. Kutoka mi kwenda fa ni ngazi fupi, watoto wengi huiruka na kuangukia mbali, na hata watu wazima kanisani huivuruga. Yeye aliikanyaga palepale kila mara. Nilimkuta akiosha miguu ziwani, nikamwambia kwa Kinyakyusa, alichokuwa amekiokota pale kwa shangazi yake, kwamba nataka kumpa gogo langu.

"Fa ndiyo nini?" akaniuliza.

"Ni kufaa," nikamwambia. "Kwa Kiswahili, mtu wa fa ni yule anayefaa kuliko wote."

"Sasa mbona unaniachia?"

"Kwa sababu sauti yako ni nzuri kuliko yangu."

Hilo lilikuwa kweli. Lilinitoka kwa uchungu, kwa kuwa nilikuwa namwonea wivu, na pengine ndiyo sababu aliniamini. Mwalimu alifurahi alipoona tumebadilishana, akasema hata yeye alikuwa ameliwaza hilo ila hakutaka kunivunja moyo. Tusekile alimweleza baba yake alipokuja na vyungu, na yule baba akaanza kumwita Anayefaa. Ungemsikia tangu mtumbwi ukiwa mbali: "Anayefaa wangu yuko wapi?" Tusekile alikimbia majini na nguo zake.

Wakati huo zilikuja habari kwamba baada ya mavuno ya mpunga, Bwana wa misheni ya milimani angeshuka pamoja na mkewe kutukagua. Yule Bibi alikuwa akitafuta msichana mmoja mwenye sikio. Angekaa naye, amfundishe kusoma vizuri na kupiga kinanda, kisha amrudishe awe mwalimu wa watoto wadogo. Mwalimu alitutangazia sote, lakini alipokuwa akisema alimtazama Tusekile, na sisi sote tukamtazama Tusekile. Shangazi yake akaanza kumshonea gauni.

Mavuno yalipokaribia kwisha, mama akashikwa na maumivu kabla ya siku zake. Alilala siku mbili amejikunja, na mkunga akazungumza na baba nje kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimempa Tusekile kile chungu, lakini kilikuwa bado kinalia kila siku umbali wa hatua chache kutoka nyumbani. Mchana wa siku ya pili wenzangu walipokwenda kuoga, nilichukua jiwe la kusagia la mama, nikaingia darasani nikakipiga chungu cha fa. Hakikupiga kelele kubwa. Maji yalitoka yakanifikia vidoleni, nikakanyaga vipande vizidi kuwa vidogo, nikarudisha jiwe mahali pake. Nilijisikia vizuri sana, siwezi kuwadanganya. Nilitembea kurudi nyumbani nikiruka.

Mwalimu aliuliza nani aliyevunja. Mtu akasema mbuzi, naye Mwalimu akakubali kwamba huenda ni mbuzi. Hakuwa mtu wa kushuku watoto, na kwa hilo nilimdharau kidogo. Tulijaribu vyungu vyote vilivyokuwa pale mjini na hakikupatikana cha kufanana. Kilichobaki kilikuwa kuagiza Ikombe, na mgeni alikuwa anatarajiwa wiki ile.

Lakini utaagizaje sauti? Mtu anaagiza chungu kikubwa au kidogo, cha ugali au cha maji. Mwalimu alikuna kichwa, kisha akamwita mjomba wake Tusekile aliyekuwa akirudi Ikombe asubuhi ile, akamwambia Tusekile aimbe. Tusekile aliimba fa. Mjomba akaishika, akaivumisha puani, Tusekile akamsahihisha, akaivumisha tena. Kisha akaondoka nayo. Alipita katikati ya watu akivuma, akisalimiwa "Ugonile" akiinua mkono tu, kwa hofu ya kufungua mdomo ikampotea. Tulimfuata hadi pwani tukianguka kwa kicheko. Alipiga kasia akivuma, tukamsikia hadi upepo ulipotuzuia. Nami nilicheka pamoja nao, ingawa nilielewa kwamba kitakuja kingine.

Baadaye mjomba alitusimulia kwamba alifika Ikombe nayo ikiwa nzima. Baba yake Tusekile alikesha akigonga kila chungu kilichokuwa uani, akakipata kimoja kinachojibu. Asubuhi upepo wa kusini ulikuwa umeanza, ule wa baridi unaoyasimamisha maji kuwa mawimbi. Walimwambia asubiri siku mbili. Akasema mgeni atakuwa ameshafika, na kwamba yeye anataka kuwepo binti yake akiimba. Akaondoka peke yake.

Kilichofika kwanza ni chungu. Watoto wa gogo la pili walikikuta asubuhi kwenye mchanga, kimesimama wima, mdomo juu, kikiwa na maji kidogo ndani na hakina hata ufa. Walikileta shuleni mbio wakishangilia kwamba chungu kimekuja chenyewe. Mwalimu alikipokea akitabasamu, akakigonga, kikalia fa. Ndipo uso wake ukabadilika, akakiweka chini polepole, akatoka kwenda pwani bila kofia. Mtumbwi ulionekana adhuhuri. Baba yake Tusekile walimpata siku ya pili kwenye matete, karibu na mdomo wa mto.

Wiki ileile mama alijifungua. Mdogo wangu alitoka mzima, analia kwa nguvu, na baba akachinja kuku. Nilimshika mikononi nikajua ni mimi niliyemwokoa. Kisha nikamkumbuka Tusekile nikamrudisha mtoto kwa mama.

Mama alinituma na kikapu cha ndizi kwenye msiba. Wanawake walikuwa wamejaa ndani kwa yule shangazi. Tusekile alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, peke yake, chini ya mgomba, ile nguo mpya ikiwa imekunjwa mapajani mwake. Nilikaa karibu naye. Hakulia. Akasema juu ya baba yake, bila kunitazama:

"Kile chungu kisingevunjika, tata asingekuja na ule upepo."

Nikasogeza kikapu karibu na miguu yangu.

"Ningemjua aliyekivunja," akasema, "ningemuuliza tu nilimkosea nini."

Niliogopa mno. Nilihisi ananiona hadi ndani, kumbe alikuwa akitazama ardhi. Ningeweza kuinuka nikaenda zangu. Ningeweza kulia naye, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Badala yake nilifungua mdomo, na nilichosema nimekisikia kila siku tangu siku ile.

"Siyo chungu," nikamwambia. "Ni fa. Fa siyo kufaa. Mke wa askari ameniambia sasa hivi, fa ni kufa. Kila ulipoimba ulikuwa unaita kifo. Ukamwimbia mjomba wako akipeleke mpaka nyumbani kwenu."

Aligeuka akanitazama. Sikuona hasira usoni mwake, wala swali. Aliweka kiganja juu ya mdomo wake, akakibonyeza kabisa, kama mtu anayezuia kutapika. Nikaacha kikapu cha ndizi pale, nikaondoka.

Alirudi shuleni baada ya matanga. Alikuja, akakaa kwenye gogo la nne, akajaza chungu hadi alama ya mkaa kama kawaida, na ilipofika zamu akakigonga. Kisha hakuimba. Gogo zima lilimsubiri kiongozi wake, likakosa la kufuata. Mwalimu alimpa siku chache. Alimkalisha pembeni, akamwambia kwa upole aweke shavu kwenye chungu asikilize tu. Tusekile aliruka nyuma kama ameguswa na moto.

Mwalimu aliniita. "Wewe ni rafiki yake," alisema. "Amepatwa na nini? Ananilaumu mimi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Ana haki. Mimi ndiye niliyeagiza." Alikuwa ameketi kwenye gogo la mbele na mikono yake ilikuwa imelegea. "Nilitaka mlio mmoja."

Kama kuna wakati wa kusema, ulikuwa huo. Alikuwa mtu mwema na angenisamehe kabla sijamaliza. Nilimwambia ni lazima niende kumsaidia mama na mtoto. Alivihamisha vile vyungu nyumbani kwake mwaka uleule na kuanza kutufundisha kwa kufuata sauti yake kama mwanzo, na sikumsikia tena akiwachekesha wale wasiojua. Amekufa akiamini kwamba alimwua baba wa mwanafunzi wake kwa ajili ya wimbo. Nilikuwa kwenye mazishi yake, nikazungumza kwa niaba ya wanafunzi wa zamani, nikamsifu vizuri sana.

Bwana na Bibi walichelewa kushuka, wakafika baada ya matanga. Tulisimama nyuma ya magogo yetu, tukaanza wimbo, nao ulikwenda vizuri hadi unapopanda. Palipostahili kuwa na fa palikuwa na shimo. Tulilivuka, tukarudi, tukaliangukia tena. Bwana alimuuliza Mwalimu kama anafundisha sauti saba au nane, akacheka peke yake. Bibi hakucheka. Alipita akitusikiliza mmoja mmoja, na alipofika kwa Tusekile alimwinua kidevu kwa kidole akamwambia aimbe chochote, hata wimbo wa kwao. Mwalimu aliomba kwa macho, nilimwona. Tusekile alibana midomo mpaka ikawa myeupe, machozi yakimtiririka. Bibi akamwachia, akaja kwangu.

Mimi niliimba, na niliimba zote nane. Mama alikuwa ameshajifungua, kwa hiyo sikuwa tena na la kuogopa.

Ndivyo nilivyokwenda milimani, nikasoma, nikapiga kinanda, nikavaa viatu, nikawa mwalimu. Mshahara wangu ulisomesha wadogo zangu. Mnaponiita Mama Mwalimu barabarani mnaliita jina ambalo mtu mwingine ndiye aliyeshonewa gauni lake. Vita ilikuja, Mdachi akaondoka, watu wakatawanyika, na Tusekile akarudishwa Ikombe kwa mama yake. Nilisikia ameolewa. Mara nyingi nilipanga kwenda, na kila mara nilipata sababu.

Nilimwona tena tukiwa wote tumeshaota mvi. Ilikuwa siku ya soko, pale Mbugani. Alikuwa amepanga vyungu vyake juu ya majani, mjukuu mchanga mgongoni. Alinijua kabla sijamjua, akafurahi kwelikweli, akanifutia gogo nikae. Tuliulizana habari za nyumbani. Alikuwa na watoto sita, wote wazima. Yule mjukuu akaanza kulia, naye akawa anamtikisa na kumpigapiga, akimtikisa na kumpigapiga, mdomo ameufunga. Mtoto hakunyamaza.

"Si umwimbie," nikasema. Liliniponyoka, kama linavyomponyoka mwanamke yeyote.

"Mimi siimbi," akasema.

"Hata wako mwenyewe hukuwaimbia?"

Alinitazama kwa mshangao, kana kwamba mimi katika watu wote nisingepaswa kuuliza. "Ningemwimbia yupi ili nimpoteze?" akasema. "Niliwapigapiga tu."

Nikamwambia hapohapo, watu wakipita. Nilimwambia ni mimi niliyevunja chungu. Nilimwambia fa si kufa wala si kufaa, si neno, ni jina la sauti tu, kama vile mtu anavyoitwa jina, na kwamba mke wa askari hakuniambia kitu. Sikuomba msamaha kwa kuwa sikuona mahali pa kuuweka. Nilisubiri anipige, au amtaje baba yake, au ataje shule.

Aliendelea kumpigapiga mtoto.

"Kwa hiyo ningeweza kuwaimbia," akasema.

"Ndiyo."

"Wote sita?"

"Wote."

Akainuka. Alikaza kanga ya mtoto kifuani, akaondoka kuelekea barabarani, akiacha vyungu vyake vyote pale chini. Sikuthubutu kumfuata. Nilikaa nikivilinda hadi soko likaisha, na aliyekuja kuvichukua alikuwa binti yake, mwanamke mzima aliyefanana naye kila kitu. Nilimuuliza kama mama yake amesema lolote. Akasema hapana, amelala tu ameelekea ukutani. Kisha akapiga goti mbele yangu, kwa heshima, kama anavyopaswa mwana wa rafiki.

"Ndaga fijo, mama," akasema. "Asante kwa kutulindia."